Pilau ya Watu wa Kabul

Salamu kwako uliye Igurwa, unayemenya ndizi za usiku huku redio umeiegemeza kwenye kinu. Salamu Kayanga na Omurushaka. Salamu Nkwenda na Murongo, huko Kyerwa, ambako naambiwa mnatupata vizuri kuliko jirani zangu walio chini ya kilima. Jioni hii sina habari ya bei ya kahawa, wala ya mnyauko wa migomba. Nina habari ya tumbo. Mke wangu ameshaisikia mara nyingi mpaka juzi akaniambia, baba watoto, hebu ipeleke redioni, labda huko utaimaliza.

Ni habari ya siku niliyokula chakula cha Waafghani kwa mara ya kwanza maishani. Nakusikia hapo unauliza, Waafghani wale wa vita? Ndio hao hao. Kwa miaka zaidi ya arobaini tumewasikia kwenye taarifa ya habari, mabomu na milima, mabomu na milima, na hakuna mtangazaji aliyewahi kutuambia watu hawa jioni wanapika nini. Mimi mwenyewe nimefundisha Jiografia miaka mingi. Nilikuwa naionyesha Afghanistan kwenye ramani kwa kijiti, nawaambia watoto haina bahari, mji mkuu ni Kabul, haya, tuendelee Pakistan.

Safari ilikuwa ya shemeji yangu. Mimi nilikuwa mzigo. Shemeji ana duka Omurushaka, anauza paneli za sola, taa, betri na vifaa vya simu. Alichoka kununua kwa watu wa kati, akaamua kwenda Dubai kujionea, na akaona ni vizuri aende na mwalimu mstaafu wa kumsaidia Kiingereza na hesabu. Tukapanda basi, tukavuka daraja la Kyaka, tukagonga mihuri Mutukula, Masaka, Kampala, hadi Entebbe. Humo ndani ya ndege sina la kusimulia, maana nililala.

Dubai wafanyabiashara wetu hufikia Deira, upande wa mji wa zamani, kando ya ule mkono wa bahari wanaouita Khor. Ukitaka kuvuka kwenda ng'ambo unapanda mtumbwi wa mbao wenye injini, abra, kwa dirhamu 1. Mitaa ni myembamba, imejaa mikokoteni ya mizigo, na kila baada ya maduka machache kuna Mhindi au Mpakistani atakayekuita kwa Kiswahili: karibu rafiki, bei rahisi. Shemeji alidhani wanamjua.

Sasa chakula. Siku tatu za kwanza tulikula kuku na chipsi. Kuku asubuhi akiwa ndani ya mkate, kuku mchana, kuku usiku. Siku ya nne shemeji alikaa kitandani, akasema, "Mwalimu, mimi kuku sili tena mpaka nione manyoya yake." Mwenyeji wetu, mzee mmoja wa Kizanzibari anayeshughulika na kago, ambaye amekaa Deira miaka mingi, akacheka. Akasema, "Leo nawapeleka kwa Waafghani, mtaa wa Naif. Huko mtakula mkumbuke kwenu."

Mimi nilimwona anatania. Kwetu na Afghanistan, wapi na wapi?

Kabla ya kuona mlango tulisikia harufu ya mkate. Nje ya mgahawa kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda shimo, na ndani ya shimo chungu kikubwa cha udongo kilichofukiwa hadi shingoni, moto uko chini. Kijana mmoja alikuwa ameketi ukingoni miguu ameikunja. Anachukua donge, analinyoosha, anapitisha ncha za vidole juu yake kama anayechora matuta ya shamba, ananyunyizia ufuta, analiweka juu ya kitu kama mto mdogo wa nguo, halafu anainama na kulibandika kwenye ukuta wa chungu, mkono mzima ndani ya joto lile, pa! Mkate hauanguki. Unaganda ukutani, unavimba matutamatuta, na baada ya muda mfupi anauchomoa kwa vyuma viwili virefu. Mkate wenyewe ni mrefu kama kiganja na mkono hadi kiwiko. Nikasimama pale kama mtoto kwenye mnada. Mzee wa Kizanzibari akaniambia kwao kuna mkate wa mofa unaopikwa vivyo hivyo, kwa kubandikwa ndani ya chungu. Wenyewe Waafghani chombo hicho wanakiita tandur. Mimi mwalimu nikaruka hapo hapo: tanuri! Neno tunalolitumia kwa tanuri la matofali, lile lile, limekuja kwetu kupitia Kiarabu.

Ndani ukitaka meza utapata, lakini upande wa nyuma kuna jukwaa la chini lililotandikwa mazulia mekundu na mito ya kuegemea, na unapanda bila viatu. Hapo nilipata aibu yangu ya kwanza. Soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu, dole gumba limetoka kuwasalimia watu wa Kabul. Nikakaa nimeificha chini ya paja, na nilikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi. Mbele yetu wakatandika kitambaa kirefu cha plastiki juu ya zulia. Kwao kitambaa cha kulia kinaitwa dastarkhan, na heshima yake ni kubwa, hukivuki kwa mguu. Nikamkumbuka bibi yangu. Akishatandaza majani ya mgomba kwenye nyasi za sakafuni na kumimina chakula, mtoto aliyethubutu kupitisha mguu juu ya jani alikuwa analala amenuna.

Mhudumu alikuja, kijana mwenye ndevu nyekundu kidogo. Hakutoa mkono. Aliweka kiganja kifuani, akainama. Mzee wetu akamwambia neno, "Manda nabashi," yule akajibu, "Zinda bashi." Nikauliza maana yake. La kwanza ni kama kusema usichoke, na jibu lake ni uishi. Msikilizaji, unajua mimi nilizunguka na wazungu wa mashirika miaka ile ya wakimbizi wa Rwanda, na kila mara walikuwa wananiuliza, mwalimu, kwa nini mtu akinikuta nafanya kazi ananiambia pole, mimi sijaumia? Nilihangaika kuwaeleza. Kumbe walikuwepo watu wengine duniani wanaompa pole mtu kwa kazi yake. Ningewaambia tu waende Kabul.

Ikaja karatasi ya vyakula yenye picha. Nikapitisha macho, nikakuta neno Kabuli palaw. Palaw! Nikaifunga karatasi kwa kishindo cha mtu aliyefika nyumbani. Nikasema pilau mimi naijua, niletee pilau. Kwetu Igurwa pilau ni ya Krismasi, Idi na harusi, na mtu aliyekula harusi nyingi kama mimi hawezi kubabaishwa.

Ikaletwa. Sinia la mviringo, na juu yake kilima cha wali, punje ndefu, moja moja, rangi ya hudhurungi hafifu. Nyama sikuiona. Nilichokiona juu ya kilima ni karoti, karoti nyingi, zimekatwa nyembamba kama njiti za kiberiti na zinang'aa, na zabibu kavu nyeusi zilizovimba, na vipande vya lozi. Nikamtazama shemeji, shemeji akanitazama. Nilidhani wameniletea chakula cha mtoto anayefanyiwa siku ya kuzaliwa. Nikachota, nikaweka mdomoni. Utamu! Sukari, msikilizaji. Pilau ina sukari.

Nitasema ukweli, maana redioni huwa nasema ukweli: nilitaka kuirudisha. Ulimi wangu ulikuwa umejiandaa kwa pilau ninayoijua, ile ya pilipili manga inayokwaruza koo, na pembeni kachumbari na pilipili mbuzi. Ulimi ukiandaliwa kwa kitu kimoja ukaletewa kingine, unakasirika kama mgeni aliyeahidiwa kitanda akapewa mkeka. Ningeletewa chakula nisichokijua hata jina, ningekionja kwa adabu. Kilichonikwaza ni kwamba jina nililijua.

Mzee wa Kizanzibari hakusema kitu. Aliingiza vidole vya mkono wa kulia ubavuni mwa kile kilima, akafukua, na ndani ukatokea mguu wa kondoo mzima, laini, nyama inaachia mfupa ukiigusa tu. Wameifukia. Akanikatia kipande, akakikunjia na wali na karoti mbili na zabibu moja kwenye kipande cha mkate, akaniambia, "Mwalimu, usile karoti peke yake. Kula mkono mmoja vyote."

Nikala vyote mkono mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Nyama ina chumvi na mafuta, mkate una moshi, karoti inakuja nyuma na utamu wake kidogo, iliki inapanda puani, na zabibu inapasuka mwishoni. Baada ya tonge la tatu niliacha kuitafuta pilipili. Baada ya la tano nilisahau hata ile soksi, nikaunyoosha mguu.

Namna wanavyoipika niliuliza, kwa sababu najua akina mama mnanisikiliza na mtaniuliza. Mchele ni ule mrefu ambao umeshachemshwa na maganda yake kiwandani kabla ya kukobolewa, hivyo ni mgumu, hauvunjiki. Unalowekwa saa kadhaa. Nyama inachemshwa na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikaiva rangi ya kahawa, na rangi ya wali yote inatoka hapo, kwenye vitunguu na supu. Viungo ni bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga kidogo. Mchele unachemshwa pembeni kwenye maji mengi, unatolewa ukiwa haujaiva, unachujwa, halafu unarudi sufuriani kwenye supu, nyama inafunikwa humo, na unapaliwa kwa moto mdogo, mfuniko umebanwa kwa kitambaa mvuke usitoke. Karoti zinakaangwa peke yake na sukari kidogo na iliki, zabibu zinatiwa mwishoni zivimbe. Hakuna kiungo hata kimoja hapo ambacho hakipo sokoni Bukoba. Iliki tunailima wenyewe Usambara, karafuu ni ya Pemba. Mwafghani asiye na bahari anapika kwa vitu ambavyo vingine vimevuka bahari.

Na jina lenyewe, Wairani wanasema polo, Wauzbeki wanasema palov, Wahindi pulao, sisi pilau. Ni mti mmoja, matawi yamesambaa. Letu lilifika pwani kwa jahazi, kisha likapanda bara na misafara. Hapa Karagwe wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro enzi za mfalme wetu, Mukama Rumanyika. Yule msafiri wa kizungu, Stanley, alipopita mwaka 1876 alimkuta Hamed bin Ibrahim ameketi hapo na biashara yake ya pembe. Mimi siwezi kumfikiria mtu wa namna ile anakaa Kafuro miaka na miaka akila ndizi tu bila kuagiza mchele Unyanyembe, huko Tabora. Lakini hayo ni mawazo ya mwalimu wa Jiografia, walimu wa Historia wasinipigie simu.

Fundi wangu wa mitambo ananionyesha saa. Subiri kidogo, fundi, bado sijafika kwenye maziwa.

Shemeji yeye aliagiza mishikaki. Yao ni ya vyuma bapa kama upanga, na kati ya kipande na kipande cha nyama wanachomeka kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo. Wanafuga kondoo wenye mikia minene, kama hawa wetu ambao mafuta yake bibi zetu waliyaweka kwenye kibuyu kama dawa ya kifua. Yakipata moto mafuta yale yanayeyukia kwenye nyama. Shemeji alikula sita bila kusema neno, na shemeji ni mtu wa maneno.

Kisha akaomba maziwa. Ameona jagi lina kitu cheupe kwenye meza ya jirani, akasema hayo hayo. Shemeji ni wa ukoo wa wafugaji. Amelelewa na ng'ombe wenye pembe ndefu na maziwa ya mgando. Ikaletwa dugh. Ni mtindi, ndiyo, lakini umepigwa na maji, umetiwa chumvi, na juu yanaelea majani makavu ya mnanaa na vipande vidogo vya tango. Akapiga funda moja kubwa kwa imani yote. Msikilizaji, nimemwona shemeji kwenye misiba na sijawahi kuona uso ule. Alimeza, maana amelelewa vizuri. Akaweka glasi chini taratibu. Akasema, "Mwalimu, hawa watu wametia mboga kwenye maziwa." Wazee wa wafugaji kwetu walikuwa na miiko mingi juu ya maziwa, usichanganye na hiki, usinywe baada ya kile, na nadhani katika kichwa cha shemeji wazee wote walisimama kwa pamoja. Hakugusa tena. Mimi nilimalizia yake. Joto la Dubai likikupiga, na mafuta ya kondoo yamekukaa kifuani, ile chumvi na ule mnanaa ndio vinavyotakiwa. Nitamtetea Mwafghani kwa hilo hata mbele ya ukoo mzima.

Mwisho chai. Ya kijani, haina maziwa, ina iliki, imekuja kwenye birika na vikombe vidogo visivyo na mkono. Na pembeni kisahani cha lozi zilizovishwa sukari nyeupe, noql. Mhudumu alikiweka kisahani mbele yangu mimi, mwenye mvi, kwanza, akaweka tena kiganja kifuani. Hatukuwa tumeagiza. Nikatia moja mdomoni, nikatafuna, na hapo Igurwa ikanijia yote.

Wewe unaelewa. Mgeni akiingia kwenu, kabla hajaulizwa shida iliyomleta, analetewa akamwani. Kahawa yetu ya robusta, imechumwa kabla haijaiva sana, imechemshwa na majani yake ya kunukia, imekaushwa, imewekwa kwenye kikapu kidogo kilichosukwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Unachukua punje mbili tatu unatafuna. Si chakula, hakishibishi, na wala hakikuletwa kwa ajili ya njaa yako. Wazee walipofanya undugu wa kuchanjiana, punje mbili za tunda moja la kahawa zilipakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kile kisahani cha lozi kilikuwa kinasema maneno ya kikapu kile.

Nikamwuliza bwana aliyekaa kwenye droo ya pesa, kwa Kiingereza changu na chake vilivyokutana katikati, yeye ni wa Kabul? Akasema baba yake ni wa Kabul. Yeye alibebwa mgongoni mwaka 1980, akakulia Peshawar, Pakistan, kwenye kambi. Kabul ameiona akiwa na ndevu, mara mbili tu.

Nikafanya hesabu. Majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan mwishoni mwa Desemba 1979. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, vita vyetu na Idi Amin wa Uganda vilifika Kampala, na watu wetu wa Missenyi waliokimbia mwaka 1978, wakati daraja la Kyaka linalipuliwa, walikuwa wanarudi kwenye migomba yao. Sisi tunarudi, wenzetu wanatoka. Mwisho wa miaka ya 1980 Waafghani zaidi ya milioni 5 walikuwa nje ya nchi yao, wengi wao Pakistan na Iran.

Na sisi wa Karagwe ukimbizi hatukuusoma kitabuni. Mwaka 1994 Wanyarwanda walivuka Kagera wakajaa hapa, Chabalisa, Kagenyi na kwingineko, wakakaa hadi Desemba 1996. Unakumbuka walikuja mlangoni kwako na nini? Walikuja na mahindi ya msaada na unga wake kwenye mifuko, wanaomba kubadilishana na ndizi na viazi. Mtu amepoteza nyumba, hajui ndugu zake wako wapi, na anatembea kilomita kadhaa ili jioni apike kitu ambacho mama yake angekitambua. Wengine wetu tuliwacheka, tukasema mkimbizi anachagua. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikumbuka kicheko changu pale Naif, lozi iko mdomoni.

Ndiyo maana nasema chakula kile hakikupikwa kwa ajili yangu. Ukiangalia waliokaa mle ndani, wengi ni madereva wa malori, waashi, wabeba mizigo wa Kandahar na Jalalabad. Kimepikwa kwa ajili yao, kama walivyozoea, dugh yake na mboga yake, na sisi wengine tukitaka tule, tukikataa shauri letu. Ladha yake imesimama kwa sababu hawakuniuliza mimi napenda nini.

Sasa angalia migahawa yetu. Ingia mji wowote kati ya Kyaka na Murongo, kaa, uliza kuna nini. Chipsi mayai, wali kuku, wali maharage, na ndizi nyama ukiwa na bahati. Katogo ya kweli, ile ya ndizi iliyopikwa taratibu chini ya majani, utaambiwa imeisha, na mara nyingi haikuwepo. Akamwani hutaletewa, watakuuzia kahawa ya unga ya kopo. Senene wanauzwa nje, kwenye vikopo, kama vitu vya magendo. Tunampikia mpita njia kile tunachodhani anakula kwao, na vya kwetu tunavila jikoni mlango umerudishwa. Mwenye mgahawa mmoja nilimwambia hivi, akanijibu, "Mwalimu, mteja akiona jani la mgomba atasema hatuna sahani." Sikupata jibu la haraka.

Waafghani hawafichi chao hivyo, na mahujaji wetu watanisaidia hapa. Waliokwenda Makka na Madina wanausimulia mkate mpana wa moto, tamis, unaoliwa asubuhi na maharage. Wengi wa waokaji wake ni Waafghani. Kwa hiyo huenda jirani yako alishakula mkono wa Mwafghani kabla yangu na hakujua, akarudi akasema ni mkate wa Waarabu.

Na tusidhani wako mbali. Agosti 2021, Taliban walipoingia tena Kabul, Shabana Basij-Rasikh aliihamisha shule yake ya bweni ya wasichana, walimu na wanafunzi na familia, watu karibu 250, akaileta Rwanda. Wako Kigali. Mwezi huo huo Waafghani 51 wa kwanza walishuka Entebbe, uwanja ule ule niliopandia. Wasichana wale hutazama vilima vinavyofanana na hivi vyetu, na ndizi zinazofanana na hizi zetu. Natamani kujua wamezifanyaje. Natamani mmoja wao atie ndizi kwenye palaw, aone kinachotokea.

Basi, nilirudi na paneli za shemeji, na mfuko mdogo wa iliki ambao mke wangu alinicheka kwamba nimesafirisha iliki kutoka Arabuni kuileta Tanzania. Jumapili moja nikatangaza nyumbani kwamba napika mimi. Karoti nilipata Kayanga, zabibu kavu niliagiza Bukoba, kondoo sikupata nikachinja mbuzi. Mke wangu alisimama mlangoni kwa jiko kama mkaguzi wa elimu. Aliponiona natia sukari kwenye karoti alisema, "Baba watoto, hiyo ni pilau au maandazi?" Nikamwambia subiri. Mchele wangu ulishikana kidogo, hilo nakiri, na mbuzi alikuwa mzee kuliko nilivyoambiwa. Lakini nilipofunua, harufu ilikuwa ile ya Naif, watoto wa jirani wakaanza kukatiza uani bila sababu.

Mama yangu tulimpa heshima ya sahani ya kwanza. Ana zaidi ya miaka themanini, ameketi kwenye mkeka wake, mgongo umenyooka. Nikajieleza: Mama, hiki ni chakula cha wageni wa heshima, Kabul, Afghanistan, mbali sana. Akaitikia. Akala kimya. Zabibu alizitoa moja moja akazipanga ukingoni mwa sahani kama anayehesabu kahawa, nikajua amezikataa. Kumbe alizihifadhi, akazila zote mwishoni, na akanyoosha kidole kwenye sufuria, aongezwe. Akaongezwa. Akamaliza. Akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akashukuru Mungu.

Nikamwuliza, "Mama, imekuwaje?"

"Nzuri sana, mwanangu," akasema. "Umejifunza kitu huko." Kisha akamgeukia mke wangu, akamwuliza kwa sauti ya upole, "Na chakula kitakuwa tayari saa ngapi?"

Mke wangu hakunitazama hata kidogo. Alichukua kisu, akaenda kumenya ndizi.